Chumvi ya Kijani na Mikono ya Mama Moraa

Binti yangu alikuja kunitembelea akiwa na mimba ya miezi mitano, na mkobani alikuwa na vidonge vya chuma alivyopewa kliniki. Nilimmiminia chai ya turungi, isiyo na maziwa. Alipokuwa akihesabu vidonge vyake, kimoja kilichovunjika kilimponyoka kikaanguka kwenye kisahani, mahali chai kidogo ilikuwa imemwagika. Tuliendelea na mazungumzo. Tulipotazama tena, chai ile ilikuwa imekuwa nyeusi kama wino, na uzi mweusi ulikuwa ukijinyoosha kutoka kwenye kidonge kama mdudu anayeamka.

"Mama, hii dawa ni feki," akasema. "Ona! Hawa watu wanataka kuniua na mtoto."

"Dawa ni nzuri. Usiinywe tu pamoja na chai. Nesi hakukwambia?"

"Aliniambia. Hakuniambia ni kwa nini."

Nikainua kile kisahani nikakinusa. Harufu ya msumari uliolala kwenye majani mabichi. Wenzangu mliokulia kwenye majani chai mnajua harufu ya majani yaliyosuguliwa kiganjani. Ongezeni chuma juu yake. Nilikuwa na miaka tisa hivi niliponusa harufu hiyo kwa mara ya kwanza, na weusi ule ule nusura umtoe mtu nyumbani kwake. Binti yangu nilimweleza habari ya dawa tu. Hapa nitaeleza iliyobaki.

Kwetu ni upande wa Mogogosiek, kwenye mteremko ambao juu ni majani chai na chini ni kinamasi. Shamba lilikuwa la bibi yangu, ambaye sote tulimwita Kogo, kama nyanya wote wa kwetu wanavyoitwa. Chini, pale mteremko unapokutana na kinamasi, palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka kwenye bomba fupi alilolipachika babu yangu, na nyumba tano ziliyachota.

Moja ya nyumba hizo tano ilikuwa ya Mama Moraa. Yeye na mume wake walitoka Kisii, wakapewa na Kogo nyumba ya chini karibu na chemchemi, naye akawa anatuchumia majani. Mume alifanya kazi mbali na alikuja mara moja kwa mwezi. Mama Moraa alichuma kwa mikono miwili bila kuangalia, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, anarusha nyuma ya bega na kikapu kinajaa huku anakusimulia habari za kanisani. Wengine wakiwa nusu kikapu, yeye alikuwa anafunga gunia. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia daima, hata Jumapili, kwa sababu utomvu wa majani chai hauna sabuni. Moraa, binti yake, alikuwa wa umri wangu, na tulikuwa marafiki.

Mwaka ule Baba alipata wazo la samaki. Alikuwa amesikia redioni kwamba mtu mwenye kinamasi hana sababu ya kukosa bwawa. Akachimba juu kidogo ya chemchemi, yeye mwenyewe na jembe la meno. Kwanza ukatoka udongo mweusi wenye mizizi iliyooza. Chini yake likatoka tope la kijivu lililonuka kama yai bovu, na ndani ya lile tope kulikuwa na chembe ndogo zinazong'aa kama dhahabu. Mimi na Moraa tuliziokota kwa kucha tukiwa na hakika tumetajirika. Baba alilirundika lile tope kando, likawa tuta refu. Bwawa halikushika maji, kiangazi kikaingia, na Baba akalisahau kabisa, kama alivyokuwa amesahau sungura na nyuki kabla yake.

Tuta likakauka na kupasuka. Siku moja nikatambaa chini ya ukingo wake, mahali jua halikufika, nikakuta kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Ukutani palikuwa pameota nywele nyembamba nyeupe, na katikati yake vijiwe vya kijani kibichi, vyororo kwa macho, vinapitisha mwanga kama kipande cha chupa ya soda. Ukikibana kimoja kwa vidole kinavunjika. Nililamba kimoja, jambo ambalo simshauri mtoto yeyote alifanye: kwanza utamu kidogo, kisha ulimi ukakunjamana kana kwamba nimelamba kufuli.

Nikajaza mkebe, nikamwonyesha Moraa peke yake, nikauweka dirishani ambapo jua lilipiga. Baada ya siku chache nilipoufungua, mawe yangu hayakuwepo. Ndani kulikuwa na unga mweupe.

Sasa ninajua kilichotokea, na nitaeleza hapa kabla ya kusonga, kwa sababu mambo haya si magumu mtu akiyafuata polepole. Zile chembe za dhahabu zilikuwa chuma na salfa vilivyoshikana. Zikiwa zimefunikwa na maji ya kinamasi, ambako hewa haiingii, zinaweza kulala maelfu ya miaka bila neno. Baba alizitoa nje. Hewa na unyevu vikazila, na katika kuliwa huko ikazaliwa chumvi ya chuma, salfeti, ileile iliyo ndani ya vidonge vya akina mama wajawazito. Chumvi hiyo inapoota mahali pa kivuli penye unyevu hubeba maji ndani yake, na pamoja na hayo maji huwa ya kijani na kung'aa. Iweke juani, maji yanatoka, nacho kijiwe kinaanguka na kuwa unga. Ukiuacha zaidi, hewa inaugeuza rangi ya manjano, halafu kahawia ya kutu. Hakuna mtu aliyegusa mkebe wangu. Jua tu.

Lakini nilikuwa na miaka tisa, na mkebe aliuona mtu mmoja.

"Rudisha mawe yangu," nikamwambia Moraa njiani kwenda shule.

"Mawe gani?"

"Umeyachukua ukaweka unga."

"Unga?" Akasimama akanitazama. "Sisi jana tumelala na uji. Nikipata unga nitakuja kuuweka kwa mkebe yako? Wewe ni mjinga aje?"

Jibu lile lingetosha kwa mtu mwenye akili. Mimi lilinipa shaka zaidi, kwa sababu mwizi naye hujibu vizuri. Nikaanza kuwachunguza yeye na mama yake. Na ukianza kumchunguza mtu, utaona. Nilimwona Mama Moraa akipita karibu na tuta kila jioni, ingawa njia ya kwake ilikuwa hiyo hiyo. Nilimwona akiinama kunusa udongo. Halafu alasiri moja nilimwona ameshika ndoo, anachota lile tope la kijivu, na kando yake kuna fungu la nyuzi za katani. Alipogundua nipo, akacheka, akanipungia mkono. Nikakimbia. Niliona mtu anayecheka akiwa na tope la yai bovu mkononi ana jambo.

Bot Kiprono, yaani mama yake Kiprono, jirani yetu wa juu, alikuwa na kibanda cha chai na mandazi karibu na kituo cha majani. Alinipa andazi akaniuliza habari za nyumbani, kama alivyozoea kuwauliza watoto. Nikamwambia: "Mama Moraa anachota kitu pale juu ya chemchemi. Anakiweka kwa ndoo."

"Kitu gani?"

"Sijui. Akiniona anacheka."

Aliniongezea andazi la pili. Nililila lote.

Kisha mvua zikaja. Mvua ya kwanza kubwa iliosha lile tuta usiku kucha, na kwa kuwa ile chumvi huyeyuka kwenye maji kama chumvi ya mezani, yote ikashuka chemchemini. Maji yakatoka bombani meupe kama kawaida. Hapo ndipo palipotisha. Yalionekana safi. Lakini Mama alipotia majani chai, sufuria ikawa nyeusi, na alipotia maziwa ikawa rangi ya wingu la radi. Baba akaonja akatema. Tumbo likaniuma siku mbili. Nguo nyeupe za shule zikatoka na madoa ya kutu. Kibandani kwa Bot Kiprono, wanaume walitazama vikombe vyao, wakavirudisha mezani taratibu, wakaenda kunywa soda kwingine.

"Hii maji imewekwa kitu," Bot Kiprono akasema, na hakuna aliyembishia, maana kila mtu alikuwa ameshalifikiria hilo kabla hajalisikia.

Kilichomaliza mambo ni mikono. Wachumaji wakitoka shambani walinawa bombani, na sasa walionawa waliinua mikono iliyogeuka nyeusi, kuanzia kucha hadi mikunjo ya viganja. Wengine kidogo. Mama Moraa, nyeusi kama amechovya kwenye lami. Wengine waliposugua na ndimu weusi ulififia. Wake ulikaa.

Mnaona tayari ni kwa nini. Utomvu wa majani chai una uchungu unaoshikana na chuma, na vikishikana ni wino. Mwenye utomvu mwingi mikononi ndiye atakayekuwa mweusi zaidi, na mwenye utomvu mwingi ni yule anayefanya kazi kuliko wote. Lakini pale chemchemini hakuna aliyesema hivyo. Bot Kiprono alisema, "Maji inajua mtu wake," na maneno hayo yakapanda mteremko haraka kuliko mvua ilivyoushuka.

Jumamosi, baada ya majani kupimwa, watu wa zile nyumba tano walikusanyika uani kwa Kogo. Kogo aliketi kwenye kigoda, fimbo magotini. Aliyempa Mama Moraa nyumba ni yeye, na wa kumtoa ni yeye. Baba alikaa kando akifunga mpini wa jembe ambao haukuwa umelegea. Beseni la maji ya chemchemi liliwekwa katikati.

"Kila mtu anawe," Kogo akasema. "Tuone."

Bot Kiprono akaanza. Aliingiza mikono, akaitoa, akaizungusha hewani ili kila mtu aone. Ilikuwa safi. "Mimi niko hapa," akasema. Hakuna aliyekumbuka kwamba kazi yake ni mandazi, na kwamba hajagusa mche wa chai tangu Krismasi. Baba akanawa, safi. Wanawake wawili wa nyumba za juu, ambao walikuwa wamechuma asubuhi tu, wakatoka na vidole vyenye kivuli.

"Hawa wamesalimiana na yeye," Bot Kiprono akaeleza haraka. "Si mnasalimiana kanisani?"

Wakaifuta mikono yao kwenye sketi, wakasogea mbali na Mama Moraa.

Yeye akaja bila kuambiwa. Alipiga magoti, akazamisha mikono hadi viwiko, akaitoa. Hata maji ya beseni yalibadilika. Nilisikia matone yakidondoka.

"Mama Moraa," Kogo akasema, na sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana iliniogopesha. "Mimi nilikukaribisha. Kuna mtu amekuona ukichota kitu juu ya maji. Ulikuwa unachota nini?"

"Matope, Kogo. Ya kupaka katani rangi. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo, kikapu ya kiondo inakuwa nyeusi."

"Unaona!" Bot Kiprono akapiga makofi mara moja. "Amejisemea mwenyewe. Inafanya nyeusi."

"Ni nani aliniona?" Mama Moraa akauliza.

Bot Kiprono hakunitazama. Moraa ndiye alinitazama, moja kwa moja, na sijui alijuaje.

"Jumatatu nyumba iwe wazi," Kogo akasema. "Sisi hatupigani na mtu. Enda tu salama."

Hapo niliingiwa na hofu ambayo haikuwa ya Mama Moraa. Nilikuwa nimechuma siku hiyo. Kila mtoto alichuma Jumamosi. Nilikuwa nimenawa bombani saa nane, na tangu saa nane mikono yangu ilikuwa nyuma ya mgongo, imefungwa ndani ya sweta. Nilikuwa nimeshaamini kwamba maji yananijua mimi. Mawe ya kijani nilikuwa nimeyachukua mimi. Nilikuwa nimeyalamba. Labda mwenye sumu nilikuwa mimi, na Mama Moraa alikuwa ameipata kwangu kwa kunishika mkono. Moraa bado alikuwa ananitazama, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka bila sauti.

Sikusema kitu cha kishujaa. Nilitoa tu mikono kwenye sweta.

"Woi!" Mama akasema. "Wewe!"

"Ameguswa, huyo ni rafiki ya msichana wao," Bot Kiprono akasema, lakini sasa mwenyewe alikuwa anahesabu kichwani, niliona.

"Sikuguswa," nikasema. "Nilichuma."

Mama Moraa, akiwa bado amepiga magoti, alinitazama. Kisha akacheka kidogo, kicheko kile kile nilichokikimbia, na mara hii nikasikia kwamba kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka. Akamgeukia Kogo.

"Kogo, naomba kitu kimoja halafu nitaenda. Bot Kiprono achume majani, hapo tu kwa ua. Kiganja moja. Aisugue kwa mkono kama anaosha sahani. Halafu anawe."

"Mimi sifanyi michezo yake!" Bot Kiprono akarudi nyuma hatua mbili.

Kogo akasimama. Hakuwa amechuma kwa miaka mingi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi, na Mama ndiye aliyemfungia vifungo. Alikwenda polepole hadi mstari wa kwanza wa majani, akang'oa chipukizi, na nyingine, na nyingine. Akayasugua kati ya viganja hadi yakatoa maji, na ile harufu ya kijani ikafika tulipokaa. Akarudi, akayaacha majani yaanguke, akazamisha mikono kwenye beseni.

Ilipotoka ilikuwa nyeusi.

Aliitazama mbele na nyuma, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Bot Kiprono akafungua mdomo. "Nyamaza," Kogo akamwambia, bila kumtazama. Kisha kwa Mama Moraa: "Inatoka wapi?"

Mama Moraa akainua kidole chake cheusi, akaelekeza kwenye tuta la Baba. Mvua ilikuwa imelichimba mifereji, na kila mfereji ulikuwa na ukingo wa manjano na kutu, ukishuka moja kwa moja chemchemini. Ulikuwa wazi vile. Mtu yeyote aliyekwenda kuchota maji alikuwa amepita hapo.

Baba aliuweka mpini chini. Jioni ile ile alianza kulirudisha tope ndani ya shimo, na hakuna aliyemwambia. Alilishindilia kwa miguu, akaugeuza mkondo wa kinamasi maji yakalifunika tena, jambo ambalo mtu wa madini angemsifu kwalo, kwa sababu tope lile likinyimwa hewa hulala. Mvua iliyobaki ikasafisha maji. Tulichota kwingine karibu miezi miwili, kisha siku moja Mama akatia majani chai, na chai ikawa chai.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Baba kama alikuwa anajua, pale alipokaa akifunga ule mpini.

"Nilikuwa nashuku," akasema.

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nashuku tu."

Sijamlaumu kwa sauti. Mimi niliyekula maandazi mawili nitamlaumu kwa nini?

Mama Moraa hakuhama. Kogo mwenyewe alikwenda nyumbani kwake Jumapili, na mfuko wa sukari, wakaongea mlango umefungwa. Jumatatu Mama Moraa alikuwa shambani, anarusha majani nyuma ya bega. Moraa alininunia hadi muhula ukaisha, kisha akasahau, au akaamua kusahau. Kwa macho ya mpita njia, kila kitu kilirudi mahali pake.

Ila tangu siku ile, Mama Moraa alipomkaribisha mtu chai, alionja kwanza. Alimimina, akainua kikombe cha mgeni, akanywa funda moja huku mgeni anaona, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akakupa. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alifanya kwa mchungaji, alifanya kwa Kogo, alifanya kwa watoto waliotumwa kuazima ungo. Watu walizoea. Walidhani ni desturi ya kwao Kisii.

Kabla sijaenda shule ya bweni nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ni nani aliyemwona na ile ndoo. Akamimina chai, na alipoinua kikombe changu nikamshika mkono.

"Mama Moraa, usionje. Tafadhali. Nipe tu."

Alinitazama, akanipa. Nikanywa ikiwa moto vile vile, ulimi ukaungua, machozi yakanitoka. Akacheka hadi akashika ubavu. "Sasa unakimbizwa na nani? Kunywa polepole, mtoto wangu. Mimi nilijua tangu siku ile ni wewe. Ulikuwa mdogo."

Kikombe kilipokwisha akachukua birika akanijazia tena. Halafu, akiendelea kunieleza habari za Moraa na shule atakayokwenda, akakiinua kikombe changu mdomoni, akaonja, akafuta ukingo, akanipa.